Nafasi ya Asiyekunywa: Kazi ya Kabare na Kuacha Pombe katika Mwambao wa Rumonge

Mtu anayetaka kuacha pombe katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi hupewa ushauri mmoja kabla ya mwingine wowote: aache kwanza kazi inayomweka karibu na chupa. Muuguzi humwambia hivyo, mchungaji humwambia hivyo, na ndugu zake huitikia. Ushauri huo una asili ya kitaaluma inayoheshimika. Hata hivyo nashikilia kwamba kwa Rumonge umekosea kutambua hatari iko wapi. Mhudumu wa kabare, yaani baa, aliyeacha pombe hurudishwa kwenye pombe, zaidi ya kitu kingine, na kukosa sababu ya kukataa ambayo wenzake wanaitambua na kuiheshimu. Ukaribu wa chupa huja nyuma ya hilo.

Kuhusu siku za mwanzo hakuna ubishi. Mnywaji mzito anayekatiza ghafla anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa akili ndani ya siku chache, na hali hiyo huua. Mtu huyo anahitaji tabibu, na nyuma ya kaunta si mahali pake. Mjadala unaanza mwili ukishatulia na mtu akawa lazima arudi kutafuta riziki.

Wanaotetea kuhama kazi wana ushahidi mzito. Mwaka 1979 Martin Plant alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya pombe huko Scotland. Alikuta kwamba kazi hizo huvuta watu ambao tayari wanakunywa sana, na kwamba waliozihama walipunguza unywaji. Lee Robins, aliyewafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam, alipata matokeo ya kushangaza zaidi: kati ya waliokuwa waraibu wa heroini kule vitani, takriban 5 tu kwa kila 100 walirudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Mahali, basi, pana nguvu, nani atabisha? Lakini wanajeshi wale waliacha mengi zaidi ya mahali. Waliacha vita, kikosi na wenzao wa heroini, wakarudi kuwa waume, wana na waajiriwa. Wafanyakazi wa Plant nao walizungukwa na pombe ya bure na desturi ya kunywa pamoja kazini. Tafiti zote mbili zinapima mambo mawili kwa pamoja, yaani umbali na pombe na mabadiliko ya nafasi ya mtu mbele ya wenzake. Wasomaji wamechukua la kwanza, la pili wakalisahau.

Hata kitabu kikuu cha Alcoholics Anonymous, kilichotoka Marekani mwaka 1939, hakimwamuru aliyeacha akimbie kila penye pombe. Kinamtaka ajiulize kama ana sababu halali ya kuwapo hapo na kama moyo wake umetulia. Watafiti wa uraibu Marlatt na Gordon, katika kazi yao ya mwaka 1985, waliweka hisia mbaya, ugomvi na watu, na shinikizo la watu mbele ya sababu zote za kurudia. Wala sisemi kwamba kukaa karibu na chupa humkomaza mtu. Uchambuzi wa Conklin na Tiffany wa mwaka 2002 uliziangalia tiba za kumzoesha mraibu kile anachokitamani na haukupata ushahidi wa kuaminika kwamba zinafaa. Kaunta si dawa. Ninachokataa ni kuifanya kaunta kuwa chanzo cha kila anguko.

Tuje Rumonge penyewe. Mji huu, takriban kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, unaishi kwa samaki wa ndagala na mukeke, kwa mawese, na kwa maboti ya mizigo. Mhudumu anayeambiwa aache kabare aende wapi? Akienda ziwani, atafanya kazi usiku kucha kwenye taa, alfajiri mgao wa fedha utafanyika ufukweni, na kabare iko hatua chache kutoka hapo. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, basi wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa bila kazi, na siku hizo kwa mtu aliyeacha ni mbaya kuliko zamu yoyote ya kaunta. Akipanda milimani kulima, jirani anakamua urwarwa, pombe ya ndizi. Ushauri wa kuhama unadhani kwamba kuna mahali pasipo na pombe penye mshahara. Hapa mahali pa namna hiyo ni pachache mno.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi uko katika sherehe za kawaida, kwa mfano ya kutoa mahari. Kreti hupangwa mbele ya wageni: Primus, Amstel, na kando yake Fanta. Zote zinatoka kwa kampuni moja, Brarudi, iliyoanzishwa mwaka 1955, ambayo hutengeneza bia na kujaza soda. Kinywaji hapo ndicho kinachobeba maneno: mzee hasimami kuomba binti mikono mitupu, na upande wa pili haukubali kabla ya kupokea. Justin Willis, katika historia yake ya pombe Afrika Mashariki ya mwaka 2002, ameeleza kwa kina jinsi kinywaji kilivyofungamana na mamlaka ya wazee, nami sina la kuongeza. Ila kuna jambo la kutazama wakati wa kugawa. Anayegawa akimfikia Mwislamu, na Rumonge ina Waislamu wengi wanaozungumza Kiswahili, humwekea Fanta bila kuuliza. Akimfikia Mpentekoste hufanya vivyo hivyo. Wamisionari wa Uswidi walianza kazi kusini mwa nchi hii katika miaka ya 1930, na watu wameshazoea kwamba mlokole hanywi. Hao wawili wanakaa katikati ya kreti, wanashiriki maneno, wanapokea heshima yote, na hakuna anayewasukumia chupa.

Mkatoliki aliyeacha pombe miezi miwili iliyopita, aliyekaa kati yao, hana hifadhi hiyo. Akisema, "Mzee, nashukuru, mimi nitachukua Fanta," ataulizwa kama anaumwa, kama ana kinyongo na wenye shughuli, au kama anaogopa sumu. Swali hili la mwisho ni zito. Kukataa kinywaji cha mtu ni kumtuhumu. Chupa ni ileile, harufu ni ileile, viti vinagusana. Kinachowatenganisha watu hawa watatu ni kwamba wawili kukataa kwao kunaeleweka, na wa tatu kila anapokataa lazima ajieleze upya.

Sasa turudi kwenye kabare. Mteja huletewa chupa ikiwa imefungwa, na mhudumu huifungua mezani mbele ya macho yake. Kifuniko ndicho dhamana kwamba hakuna mkono uliotia kitu. Mhudumu anaweza kufungua chupa usiku kucha bila hata tone kufika mdomoni mwake. Hatari huja pale mteja aliyefurahi anaposema, "Kaka, na wewe jichukulie moja, nalipa mimi." Hiyo ni zawadi, na mara nyingi ndiyo bahashishi pekee atakayopata kwake. Akikataa, amemwaibisha mteja mbele ya wenzake na amepoteza kipato.

Mama anayeuza urwarwa nyumbani yuko katika hali nyingine kabisa. Ndizi zimeiva shimoni, zimekandwa kwa majani, juisi imechujwa na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku chache pombe iko tayari. Desturi inamtaka muuzaji aonje kwanza mbele ya mnywaji, maana chungu hakina kifuniko cha kiwanda. Yeye pombe inampita mdomoni kila siku ya mauzo, tena kwa lazima. Ushauri wa kawaida unawaweka mama huyu na mhudumu wa bia katika fungu moja la watu walio karibu na pombe. Huo ni uzembe wa kufikiri. Mama huyu ahame kweli, au ashirikiane na mtu wa kuonja badala yake. Kwa mhudumu yapo ya kufanya kabla ya kumnyang'anya mkate.

Nitapingwa kwamba nawataka walevi wote waokoke au wasilimu. Hapana. Dini imetengeneza nafasi hii, lakini haina haki ya kuimiliki peke yake, na Wakatoliki wenyewe wana mfano: chama cha Mapaonia, kilichoanzishwa na Mjesuiti James Cullen huko Dublin mwaka 1898 na kufika hadi Afrika Mashariki, huwapa wanachama wake beji ya kuvaa kifuani. Anayeiona beji haulizi zaidi. Nitapingwa pia kwamba kutambulika kunaleta aibu, mtu akaitwa mlevi mstaafu maisha yake yote. Aibu hiyo ipo. Lakini mji mdogo tayari unajua nani alibebwa akiwa hajitambui. Usichojua ni kwamba ameacha.

Basi anayemtibu mtu wa Rumonge, awe katika kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge kule Bujumbura au kwenye zahanati ya kilimani, asiishie kuuliza mgonjwa anafanya kazi wapi. Aulize nani kazini anajua kwamba hanywi, nani atasema kwa niaba yake mezani, na kama kazi yake inamlazimu kuonja. Mwenye kabare naye ana wajibu, na ni wa gharama ndogo: atangaze kwamba bia aliyonunuliwa mhudumu inaweza kulipwa kwa fedha taslimu au Fanta, tena kwa wahudumu wote, ili asijulikane ni nani hasa anayeihitaji kanuni hiyo. Nadhani hatua hiyo moja ingewaokoa wengi kuliko mahubiri yote ya kuhama kazi, nami nawaomba wenye kabare wa mwambao huu waijaribu kabla hawajamfukuza mfanyakazi mwingine aliyejitahidi kuacha.