Nyumba za Ukarimu katika Mitaa ya New York

Biashara za Marekani zilipoanguka mwaka 1929 na viwanda kufungwa kimoja baada ya kingine, watu waliozoea kula jasho lao walijikuta wakilala ndani ya treni za chini ya ardhi na milangoni mwa maduka; na serikali ya mji wa New York, ambayo tangu mwaka 1909 ilikuwa na nyumba kubwa ya malazi ya mafukara katika barabara ya East 25th, ilipoona kuwa haitoshi, ikaligeuza gereza la zamani la wanawake huko Chester, mwendo wa maili 60 hivi kutoka mjini, kuwa kambi ya wanaume wasio na makao. Kambi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1934 na iliyokuja kuitwa Camp LaGuardia, iliwapa watu paa na chakula, jambo ambalo haliwezi kudharauliwa na mtu mwenye insafu. Ila iliwaondoa pia machoni pa jamaa zao na mbali na kazi zote walizoweza kuzitafuta, na nadhani kuondolewa machoni ndiko kulikowaridhisha wengi waliobaki mjini.

Wakati huohuo palikuwa na watu wawili waliofikiri vingine. Peter Maurin, Mfaransa wa shamba aliyezaliwa mwaka 1877, na Dorothy Day, mwandishi wa magazeti, walianza kuuza gazeti lao, The Catholic Worker, tarehe 1 Mei 1933 kwa senti moja, na ndani yake Maurin akawasihi maaskofu wafungue nyumba za ukarimu kwa wenye dhiki, akiwakumbusha kwamba waalimu wa Kiislamu hufundisha kuwa ukarimu ni amri ya Mungu, na kwamba katika nchi za Waislamu amri hiyo ingali ikitekelezwa. Msomaji wa pwani yetu, aliyekulia penye wakfu za misikiti na ada ya kumkaribisha mgeni kabla ya kumhoji, hatastaajabu. Bali kwa New York ya siku zile lilikuwa neno geni. Kwa masimulizi ya Day mwenyewe, alikuja mwanamke aliyesoma habari hizo akauliza hiyo nyumba iko wapi, kwa kuwa mwenzake waliyekuwa wakilala pamoja katika treni alikuwa amekwisha kujitupa relini. Nyumba haikuwapo. Siku ileile wakakodi vyumba katika jengo la kawaida la wapangaji, ukuta kwa ukuta na watu wenye makazi yao.

Tangu mwaka 1936 walikaa nambari 115 Mott Street, katika mtaa wa Waitaliano, ambako foleni ya mkate na kahawa ilianza pasipo mtu kuikusudia: wanaume wachache walikuja kuomba nguo, wakasikia harufu ya kahawa, wakakaribishwa, kesho yake wakaja wengine, hata mamia wakawa wakisimama barabarani kila asubuhi. Sidai kwamba jirani anayefungua mlango wake akakuta umati wa namna hiyo hana haki ya kunung'unika, kwani usafi, kelele na usalama wa watoto ni mambo ya haki. Nasema tu kwamba mtu huyo mwenye njaa alikuwa mtaani tayari, na kilichoongezeka ni kikombe cha kahawa.

Taabu kubwa zaidi ilitoka kwa sheria. Mwaka 1956, walipokuwa wamehamia 223 Chrystie Street, mahakama ilimtoza Day faini ya dola 250 kwa sababu nyumba haikuwa na kinga ya kutosha dhidi ya moto. Asubuhi alipokuwa akitoka kwenda mahakamani, alipita katikati ya mafukara waliokuwa wakingojea nguo mlangoni, na mmoja wao akamtia karatasi mkononi akitaja kiasi cha fedha, ambacho Day alikifahamu kuwa ni dola mbili na nusu. Alipoifunua akiwa njiani akakuta ni hundi ya faini nzima, imetiwa saini na mshairi W. H. Auden, ambaye hakumtambua kwa jinsi alivyofanana na waliomzunguka.

Hatimaye haki ya kupata malazi ilitafutwa mahakamani. Mwaka 1979 wakili kijana, Robert Hayes, alifungua kesi kwa niaba ya wanaume waliolala ovyo katika Bowery, hatua chache kutoka Chrystie Street, akitegemea kifungu cha katiba ya jimbo, cha mwaka 1938, kinachoilazimu serikali kuwasaidia wahitaji; na Desemba mwaka huohuo jaji akaamuru wapewe malazi. Mji ukatii, lakini kwa tabia yake ya kale: vitanda vingi vikawekwa katika jengo la zamani la hospitali ya wagonjwa wa akili, katika kisiwa cha Wards. Robert Callahan, mmoja wa wanaume hao, ambaye jina lake limebaki katika kesi hiyo, alifariki mwaka 1980 akilala nje, kabla ya mapatano ya kuimaliza kesi kutiwa saini Agosti 1981.

Day naye alifariki tarehe 29 Novemba 1980 katika Maryhouse, nyumba ya wanawake wasio na makao iliyofunguliwa mwaka 1976 katika jengo lililokuwa skuli ya muziki, East 3rd Street, katikati ya mtaa wa watu. Nyumba hiyo ingali ikipokea wageni. Mapatano ya 1981 yaliulazimisha mji utoe kitanda, wala hayakuulazimisha ukiweke karibu na mtu yeyote, na kwa hiyo ugomvi wa mahali haujaisha: kila serikali inapotaja mtaa itakapofungua malazi ya dharura, mikutano ya wakazi hujaa, na wapo katika mikutano hiyo, namshukuru Mungu, wanaosimama kusema kwamba malazi hayo yafunguliwe kwao.