Dokta Remmy na wimbo wa soksi

Roki yenyewe haikupata makazi makubwa Tanzania. Miaka ya 1970 walikuwepo Sunburst pale Dar, lakini dansi ndilo lililotawala. Ila ukimtafuta yule mwanamuziki ambaye majirani wanamwona kama kachanganyikiwa kidogo, huku nyimbo zake zikiwagusa penyewe, tulikuwa naye. Dokta Remmy.

Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Inasimuliwa kwamba alizaliwa na meno mawili, na mganga akamwonya mama yake, ambaye alikuwa ameshazika watoto, asimnyoe nywele. Udaktari ulianzia hapo, si chuoni. Mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye akaiongoza Super Matimila. Rasta kichwani, jina la Sura Mbaya alilojiita mwenyewe bila aibu: watu walicheka kabla hajafungua mdomo. Na mtu akishacheka, unaweza kumwambia lolote.

Chukua "Kifo", uliomo kwenye albamu ya 1989, Songs for the Poor Man, iliyotolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel, mwanaroki wa Uingereza. Kifo anakisemesha kama mtu aliyesimama mbele yake, na watu wanacheza. Huku Rungwe hilo si la ajabu. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, alieleza misiba ambako ngoma zilipigwa, wanaume wakacheza na mikuki na wanawake wakalia, vyote kwenye msiba mmoja. Sidhani kama wazee wale walikuwa na raha. Walikuwa wanaikabili hofu kwa miguu.

Lakini uliomletea balaa ni "Mambo kwa Soksi". Soksi ni kondomu, na kila mtu alielewa. Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Ugonjwa ulikuwa umeshajulikana Kagera tangu 1983, watu wanazikana, na bado unatajwa kwa mafumbo. Sasa anakuja mtu mmoja wa vituko anawaambia wanaume wavae. Aliyeonekana hana akili ndiye aliyekuwa anaongea la maana, na redio, yenye heshima zake, ikakaa kimya.

Kimya kile kilitugusa na sisi. Barabara ya Uyole kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, inapita Tukuyu, na malori hayakosekani. Utafiti wa kitaifa wa 2003-04 ulikuta Mkoa wa Mbeya, ambao Rungwe imo, una maambukizi ya zaidi ya asilimia 13 kwa watu wazima, ya juu kuliko mkoa mwingine wowote wa Bara. Sisemi wimbo mmoja ungeyazuia. Nasema kuna madereva na wasichana wa baa ambao wangeusikia mapema zaidi.

Miaka ya mwisho Remmy aliokoka, akahamia muziki wa injili. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Sinza, kituo cha daladala jirani na alipoishi bado kinaitwa Kwa Remmy, na makonda wanakitaja kutwa nzima.