Pacha walijaza kumbi, doo zikashikwa na wengine

Cheki hii stori. Daisy na Violet Hilton walizaliwa Brighton, Uingereza, mwaka 1908, wameungana nyongani. Mama yao, mhudumu wa baa, akawapeana kwa bosi wake, Mary Hilton. Wakazungushwa nchi baada ya nchi wakiimba na kupiga ala. Mary alipofariki, binti yake na mumewe wakaendelea kuwasimamia na kushika pesa. Ni 1931 ndipo korti ya San Antonio, Marekani, iliwapa uhuru. Walifariki 1969, wakiwa wafanyakazi wa duka la vyakula.

Watu husema waliumizwa na maumbile. Zii. Maumbile yalijaza kumbi. Waliowaumiza ni watu waliojiita familia.

Na wewe msanii, pesa ya shoo huingia kwa simu ya nani?