Siri ya Vikaango vya Kale
Wengi huvisifu vikaango vya kale vya chuma cha kusubu, kama vile vya Griswold, kampuni iliyoanza Erie, Pennsylvania, mwaka 1865, wakiamini chuma chake kilikuwa bora. Tofauti hasa ilikuwa kazi ya ziada: baada ya chuma kumiminwa katika kalibu ya mchanga, sehemu ya ndani ilisagwa hadi ikawa laini. Viwanda vingi vya baadaye viliiacha hatua hiyo ili kupunguza gharama. Hata hivyo, ulaini pekee hauzuii chakula kuganda. Kinachozuia ni utando wa mafuta yaliyoungua kidogo kidogo yakashikamana na chuma. Wapo wanaokataza sabuni kabisa. Katazo hilo lilifaa enzi za sabuni kali za magadi. Sabuni laini ya leo haiuondoi utando uliokomaa. Adui wa chuma ni unyevu: kioshe kikaango, kikaushe motoni, kipake mafuta kiasi. Uimara wa vyombo hivi, basi, ni matunda ya matunzo ya vizazi.