Hitilafu za poti ya siriali katika Linux

Hitilafu ya poti ya siriali ni hali ambapo kiendeshi cha Linux hushindwa kuwasiliana na poti hiyo au na kifaa kilichounganishwa nayo, kwa mfano modemu inayoiunganisha kompyuta na intaneti kwa laini ya simu.

Poti ya kwanza, /dev/ttyS0, kwa kawaida hutumia anwani 0x3F8 na katizo (IRQ) namba 4. Ya pili, ttyS1, hutumia 0x2F8 na katizo namba 3. Ya tatu hurudia katizo la poti ya kwanza. Katika kompyuta za miaka ya 1990 zenye basi la ISA, ugomvi mwingi ulianzia hapo, poti mbili zikigombania katizo moja: modemu ilijibu, lakini kwa kusuasua, au ilinyamaza kabisa.

Ujumbe wa “LSR safety check engaged!” hutisha kuliko unavyoeleza. Maana yake ni kwamba kiendeshi kilisoma anwani kikapata 0xFF, kwa kawaida dalili kuwa hakuna chipu ya poti ya siriali (UART) mahali hapo. Amri ya dmesg huonyesha poti zilizotambuliwa, na setserial hurekebisha anwani au katizo lililokosewa. Katika Debian, mtumiaji asiye katika kundi la dialout hunyimwa ruhusa hata kama vifaa ni vizima.

Kesi ngumu zaidi ni winmodem, kadi iliyoachia programu ya Windows sehemu kubwa ya kazi yake. Nyingi hazina chipu ya UART, hivyo setserial haizisaidii. Modemu ya nje ya kebo ya RS-232 haina kasoro hiyo.