Babu Yuko Chini ya Mti Gani?

Ndugu msomaji, umewahi kupotelewa na kaburi? Mimi limenipotea. Mwezi wa Juni, katika ile baridi ya Ufipa inayopenya mpaka kwenye mifupa, nilimsindikiza bibi kwenye makaburi ya zamani hapa mjini Sumbawanga. Alitaka kumpalilia babu. Tulizunguka toka asubuhi mpaka jua likawa utosini. "Palikuwa na mti hapa," bibi alirudia. Mti wenyewe haupo, na msalaba wa mbao ulishaliwa na mchwa siku nyingi. Mwisho bibi akainama, akang'oa majani pale pale aliposimama. "Basi, mjukuu wangu," akasema, "hata hawa ni watu."

Nilikwenda pale nikitafuta mwanzo wa riwaya. Nikarudi na swali: mtu aliyejulikana na kijiji kizima anapoteaje mjini?

Babu alikuwa fundi mwashi. Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa mwaka 1974, makao yake yakawa Sumbawanga, naye akaja mjini kutafuta kazi. Akafariki mwaka 1977. Desturi ilikuwa kumrudisha kwao. Kijijini kaburi lina wenyewe. Ukoo hupalilia, na watoto huonyeshwa nani kalala wapi. Lakini kwao kulikuwa kumeshahamwa. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na mwisho ulikuwa 1976. Watu walibeba vyungu na mabati, makaburi wakayaacha kwenye mahame. Nani angekwenda kumzika babu msituni peke yake? Akazikwa mjini.

Mjini makaburi ya umma ni kazi ya halmashauri, kama zilivyo taka na masoko. Sasa tazama bahati ya babu! Kuanzia mwaka 1972, katika mpango wa madaraka mikoani, Serikali ilivunja halmashauri. Huduma za miji zikadorora, kipindupindu kikapiga, na mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Sheria kamili ya mamlaka za miji, namba 8, ikafuata mwaka 1982. Babu alikufa katikati ya pengo hilo.

Hata hivyo simlaumu mtu wa ofisini. Familia yetu yenyewe iliandika nini? Hakuna. Tuliuachia mti utukumbushie.

Na jambo hili si la machozi tu. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Ardhi ikihitajiwa kwa manufaa ya umma, Serikali hutoa tangazo, na ndugu wanayo haki ya kujitokeza. Fidia yake ni gharama halali za kuhamisha na kuzika upya, pamoja na za matambiko. Ndiyo, bwana, matambiko yamo ndani ya sheria! Lakini siku barabara ikitaka kupita pale, mimi na bibi tutanyoosha kidole wapi? Sheria humsaidia anayeweza kusema, "Huyu ni wetu."

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, nina aibu kukiri hili. Kwenye daftari la riwaya yangu nimewapa majina watu zaidi ya ishirini ambao hawajapata kuishi. Babu yangu sikuwa nimemwandikia hata mstari mmoja.

Usiku ule nilivuta kigoda karibu na jiko la mkaa, nikageuza daftari upande wa nyuma. Bibi akanitajia jina lake kamili, jina la baba yake, kijiji walichohama, nyumba alizojenga. Nilipouliza ule mti ulikuwa wa aina gani, alinyamaza kwa muda mrefu.

"Andika tu kwamba ulikuwa na kivuli," akasema. "Siku ya mazishi tulikaa chini yake."

Nikaandika.