Herufi Nene Zisizo na Pembe

Leo tuache programu kidogo, tuongee juu ya herufi. Nazungumzia zile fonti nene ambazo kila ncha imeviringwa kama ncha ya kidole.

Niipendayo zaidi ni VAG Rounded. Katikati ya miaka ya 1960, Volkswagen iliinunua Auto Union, wenye Audi, kutoka kwa Daimler-Benz. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikawaunganisha wauzaji wa magari ya pande zote mbili chini ya jina V.A.G. Matangazo ya Volkswagen yalikuwa yamezoea Futura, fonti ya Kijerumani ya mwaka wa 1927, yenye A iliyochongoka kama mkuki. Jina jipya lilitaka sura yake, na mwaka wa 1979 ikatokea hii. Miongoni mwa waliyoichora ni Gerry Barney, yule yule aliyechora mishale miwili ya reli ya Uingereza. Jina V.A.G liliachwa mapema miaka ya 1990 lakini fonti haikufa. Ukiwa na laptopu ya Apple ya kabla ya 2015, itazame kibodi yake.

Kwa nini huwa nene? Mviringo wa ncha hutegemea unene wa mstari. Kwenye skrini za zamani, herufi ndogo ilikuwa na mstari wa pikseli moja tu, na pikseli moja haiviringiki! Halafu ukiipunguza herufi nene, tundu la "e" linazibika. Kwa hivyo kazi yake ni vichwa na mabango, si aya.

Mimi ilinitia hasara. Katikati ya miaka ya 2000 nilitengenezea shule moja ya chekechea tovuti, vichwa vyote kwa Arial Rounded MT Bold, iliyokuja na Microsoft Office kwenye mashine yangu. Mwenye shule akaifungua kwenye saiba, akaona Times New Roman. "Kijana, hii siyo ile uliyonionyesha." Akanilipa nusu. Kivinjari cha siku zile kilitumia fonti zilizomo kwenye kompyuta ya msomaji, basi. Kuwagawia wazazi faili ya fonti? Leseni haikuruhusu, na nani angehangaika kuiweka? Nikageuza vichwa kuwa picha, hata jedwali la ada. Kila muhula nikawa nachora upya, bure.

Google ilianza kugawa fonti za wavuti mwaka wa 2010. Baadaye ikaja Nunito ya Vernon Adams, ya mviringo pia, iliyokusudiwa vichwa, na leseni yake huria inakuruhusu kuipachika popote. Adams alifariki mwaka wa 2016. Mistari miwili ya CSS, na saiba yoyote inaona ulichochora.

Nilipompigia mwenye shule kumweleza, alikuwa ameshapata kijana mwingine. Nikaingia kwenye tovuti kuchungulia. Ada ilikuwa bado ni ile picha yangu, ya muhula wa pili.